Mzee wa Darasa la Kwanza na Eldoret Isiyoonekana

Watoto wanaoijaza filamu ya The First Grader hawakuwa waigizaji. Walikuwa wanafunzi wa kweli wa shule ya mashambani katika Bonde la Ufa, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutazama filamu wala televisheni. Mwongozaji Justin Chadwick, Mwingereza, aliamua kutowafundisha kuigiza na wala hakuwapa muswada. Alichofanya ni kumwingiza darasani Naomie Harris, mwigizaji wa London ambaye dunia ilikuwa imeshamwona katika filamu za Pirates of the Caribbean, akamwachia darasa. Harris akashika chaki, akafundisha. Kamera ikafanya kazi yake pembeni, na vipande vya hadithi vikapenyezwa katikati ya somo.

Aliyewahi kusimamia darasa la kwanza anajua ugumu wa jambo hilo. Mtoto wa miaka sita ukimwambia ashangae, atakutazama wewe. Ukimwambia asiitazame kamera, hataona kitu kingine. Lakini mwalimu akiuliza swali na mkono wa mtoto ukapaa huku nusu ya makalio yake yameshaacha benchi, hapo hakuna uigizaji wa kusifia wala wa kulaumu. Mambo kama hayo yametapakaa kote kwenye filamu hii, na ndiyo yanayoibeba hata pale hadithi inapolegea.

Mtu mzima mmoja wa darasa hilo ndiye aliyekuwa na kazi ngumu kuliko wote. Oliver Litondo, aliyemwigiza Kimani Maruge, mzee aliyejiunga na darasa la kwanza, alizaliwa mwaka 1948. Kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka sitini na kidogo alipovaa kaptura, soksi ndefu na sweta ya shule ili awe mzee wa miaka 84. Wakenya wa rika fulani walimfahamu tangu zamani: aliwahi kuwa mtangazaji wa habari, na jina lake lilikuwemo katika filamu ya The Bushtrackers ya mwaka 1979. Kisha kwa miaka mingi hakusikika sana kwenye filamu. Kazi yake katika The First Grader imo zaidi mwilini kuliko kwenye maneno. Anachechemea, anainama kusikiliza, anajikunja kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya magoti ya watoto. Ukimtazama akiwa katikati ya watoto wasiojua kwamba kuna filamu, unaelewa kwa nini Chadwick hakutaka mzee wa vipodozi vingi. Watoto wangecheka, na wangekuwa na haki.

Hadithi yenyewe ilianza Eldoret, tarehe 12 Januari 2004, katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali mpya ya Mwai Kibaki ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi. Watoto zaidi ya milioni moja walimiminika madarasani nchini kote, na walimu wakajikuta na madarasa yaliyofurika hadi mlangoni. Kibaki alisifiwa mbali: Bill Clinton, alipoulizwa na televisheni ya Marekani ni mtu gani aliye hai ambaye angependa kukutana naye, alimtaja rais wa Kenya kwa sababu ya uamuzi huo.

Tangazo lilisema elimu ni ya wote. Maruge alilichukua lilivyo. Alikuwa mgane, babu wa wajukuu wapatao 30, wawili kati yao wakiwa wanafunzi wa shule ile ile, na katika miaka ya 1950 alikuwa amepigana upande wa Mau Mau. Hakuwahi kusoma. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alimpokea, na Guinness World Records ikamwandika kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kuanza shule ya msingi. Sababu alizowapa waandishi wa habari zilikuwa za mtu asiyependa kudanganywa: alitaka kujisomea Biblia kwa sababu alimshuku mhubiri kwamba hasemi kilichoandikwa, na alitaka kujua kuhesabu ili siku ya kulipwa fidia ya wapigania uhuru asije akapunjwa.

Kutoka Eldoret habari ilisafiri kama habari zinavyosafiri. Ilifika katika gazeti la Los Angeles Times, na huko ikasomwa na watayarishaji wa filamu, Sam Feuer na Richard Harding miongoni mwao. Wakamkabidhi kazi ya kuandika Ann Peacock, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wa waandishi wa muswada wa The Lion, the Witch and the Wardrobe. BBC Films wakaingia. Wakati huohuo Maruge mwenyewe alikuwa tayari ameonja umaarufu: Septemba 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumzia elimu ya msingi ya bure wakati viongozi wa dunia walipokutana katika Umoja wa Mataifa. Shuleni kwake alikuwa amechaguliwa kuwa kiranja.

Swali la kwanza la kila filamu ya aina hii ni la pesa na mahali. Afrika Kusini ina studio, vifaa, mafundi na nafuu za kodi, na filamu nyingi zinazodaiwa kuwa kuhusu sehemu nyingine za Afrika hupigwa huko. Chadwick mwenyewe ameeleza kwamba angeweza kupiga hii Afrika Kusini, lakini aliona watu wa Kenya, na watoto hasa, wana uchangamfu ambao hangeupata kwingine. Uamuzi wa namna hiyo ulikuwa umeshawahi kufanywa: The Constant Gardener ya mwaka 2005 ilipigwa Kibera na kando ya Ziwa Turkana, na watengenezaji wake wakaacha nyuma mfuko wa kuzisaidia jamii walizozikuta. Zamani mambo yalikuwa mengine. Watayarishaji wa Out of Africa, filamu ya 1985 iliyoondoka na tuzo saba za Oscar, walisafirisha simba waliofunzwa kutoka California hadi Kenya, nchi ambayo watu huvuka bahari kuja kuona simba.

Kwa The First Grader, walioletwa kutoka nje walikuwa watu. Tony Kgoroge, anayeigiza mume wa mwalimu, Vusi Kunene, anayeigiza afisa wa elimu, na Israel Makoe wote ni Waafrika Kusini. Mtazamaji wa Nakuru au Eldoret anawatambua mara tu wanapofungua kinywa, kwa sababu Kiingereza cha Mkenya kina mdundo wake na hauigiki kirahisi. Harris alijitahidi zaidi kuliko wenzake. Lakini ukitaka kusikia Kenya yenyewe, msikilize Alfred Munyua, aliyeigiza mwalimu na kubaki na jina lake la Alfred hata ndani ya filamu. Au msikilize Daniel Ndambuki, Churchill wetu wa vichekesho, ambaye hapa ni mtangazaji wa redio. Kwa mtazamaji wa Toronto ni sauti tu ya redioni. Kwa Mkenya ni kama jirani ametokeza dirishani ghafla. Na yule afisa wa kikoloni, je? Ni Nick Reding, Mwingereza aliyehamia Kenya na kuanzisha shirika la SAFE, linalotumia maigizo kutoa elimu ya afya mitaani na vijijini. Maisha yake ya kila siku yalikuwa kinyume kabisa na ya mtu aliyemwigiza.

Eldoret yenyewe haimo.

Tukubaliane kwanza kwamba jina la Bonde la Ufa ni pana mno. Wakati huo lilikuwa jina la mkoa uliotoka mpaka wa Tanzania hadi mpaka wa Sudan, na ndani yake ungeweza kuganda kwa baridi asubuhi na kuungua kwa jua mchana wa siku ileile, mradi uwe na gari. Eldoret iko katika nyanda za juu, mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni mji wa mahindi na ngano, wa maziwa, wa mvua za alasiri, wa wanariadha wanaokimbia kabla jua halijachomoza na ukungu haujaondoka. Wazee waliuita 64, kwa kuwa ulianza kwenye kiwanja cha shamba nambari 64 walilopimiwa walowezi. Kapkenduiywo ni shule ya mji huo, iliyozungukwa na makazi ya watu.

Kwenye filamu, Maruge anakwenda shule akipita uwandani, penye vumbi, migunga na upeo wa mbali usio na kizuizi. Shule imekaa peke yake kana kwamba mtu aliidondosha akipita. Mpiga picha, Rob Hardy, ameipiga kwa ustadi mkubwa na inapendeza. Ni picha ya Kenya ambayo mtalii tayari anayo kichwani kabla hajakata tiketi. Mkaazi wa Eldoret akiitazama hujiuliza mahindi yamekwenda wapi.

Huenda mtu akasema hilo ni jambo dogo, mandhari tu. Lakini mandhari hayo yamebeba maana. Mzee anayeishi peke yake katika kibanda uwandani ni mzee asiye na ukoo, na ndivyo filamu ilivyomtaka Maruge awe. Yule babu wa wajukuu 30, aliyesoma shule moja na wajukuu wake wawili, hayumo. Badala yake tunamwona mtu ambaye wakoloni walimuulia mkewe na watoto mbele ya macho yake, akabaki na kumbukumbu peke yake. Maruge kijana, anayeigizwa na Lwanda Jawar, anateswa kizuizini kwa kukataa kukikana kiapo cha Mau Mau. Kuchongwa kwa penseli darasani kunamrudisha yule mzee katika mateso hayo. Vipande hivyo vina nguvu, na hakuna haja ya kutilia shaka kwamba mambo ya aina hiyo yalitendeka Kenya: yalitendeka, kwa maelfu ya watu. Ila kwa ajili ya kumfanya mzee mmoja abebe historia ya wengi, ilibidi apokonywe familia yake. Hata ile shuku yake kwa mhubiri imefunikwa na barua kutoka ofisi ya rais ambayo hawezi kuisoma, na barua hiyo ndiyo inayoisukuma filamu tangu mwanzo. Barua ni mbinu safi ya mwandishi wa filamu. Mzee anayekwenda darasa la kwanza ili amkamate mhubiri wake ni bora zaidi, na alikuwa wa kweli.

Kwa jambo moja watengenezaji walikuwa na bahati ya wakati. Juni 2009, miezi miwili kabla ya Maruge kufariki, wazee wa Mau Mau waliifungulia mashtaka serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyopata kizuizini. The First Grader ilifika kumbi za Uingereza tarehe 24 Juni 2011. Mwezi uliofuata, Jaji McCombe akaamua kwamba wazee hao wana kesi ya kusikilizwa. Hapana, filamu haikumshawishi jaji. Lakini Mwingereza aliyetoka ukumbini akifikiri ameona hadithi ya kubuni angekuta jambo lilelile kwenye gazeti la asubuhi. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Hesabu ya kugawa pesa za fidia, ambayo Maruge aliisomea, ilikuja miaka karibu minne baada ya kifo chake.

Kuna mshangao mwingine wa tarehe, na huu ni wa Toronto. Katika tamasha la filamu la huko, Septemba 2010, watazamaji walipiga kura kuchagua filamu waliyoipenda. The First Grader ilishika nafasi ya pili. Iliyoshinda ni The King's Speech, hadithi ya Mfalme George VI na kigugumizi chake, ambayo baadaye ilitwaa Oscar ya filamu bora. Mfalme huyo alifariki Februari 1952 wakati binti yake Elizabeth akiwa ziarani Kenya, na kabla mwaka haujaisha serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari na kuanza kuwajaza watu kama Maruge kizuizini. Ni filamu mbili kuhusu watu wazima wanaohangaika na maneno, mmoja kuyatamka na mwingine kuyasoma, na wa pili alifungwa chini ya bendera ya binti wa wa kwanza.

Kisha kuna kimya cha filamu kuhusu mwaka 2008.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliikumba Eldoret kuliko miji mingi. Tarehe mosi Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maruge, Mkikuyu mkaazi wa Eldoret, aliibiwa mali yake, akaishia kwenye hema katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Kambi ilikuwa kilomita 4 hivi kutoka shuleni. Aliwaza kuacha masomo, kisha akaendelea, kila siku kilomita hizo kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na umri ambao wenzake husubiri kuletewa chai kitandani. Baadaye mwaka huo alihamia Nairobi, akapokewa katika makao ya wazee ya Cheshire huko Kariobangi, akajiandikisha Shule ya Msingi ya Marura. Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Holy Trinity, akachukua jina la Stephen. Tarehe 14 Agosti 2009 alifariki kwa saratani ya tumbo, na akazikwa Subukia.

Chadwick aliwahi kukutana naye katika siku zake za mwisho. Kwa hiyo alizijua habari za hema, lakini filamu inasimama kabla ya hapo, kwenye ushindi. Uhasama wa makabila umo ndani yake, umetajwa na hata umerushwa kama jiwe, lakini umewekwa mwaka 2004 na umewekwa dhidi ya mzee mmoja kwa sababu ya kiti kimoja darasani. Kibiashara inaeleweka: ni filamu ya dakika 103, na mtazamaji amelipa ili atoke akiwa na moyo mkunjufu. Lakini tukio lenye sinema kuliko yote katika maisha ya Maruge, mzee wa miaka 88 akitoka kwenye hema la wakimbizi akiwa na mkoba wa shule, halijapigwa na yeyote. Mahali pake ni Eldoret, siyo uwandani, na ndipo hadithi nzima ingegoma kuhamishwa.

Harris na Chadwick walifanya kazi pamoja tena haraka. Mwaka 2013 walitoa Mandela: Long Walk to Freedom, Harris akiwa Winnie. Mtunzi wa muziki wa The First Grader, Alex Heffes, alikuwa tayari ameizoea kanda hii, kwa kuwa ndiye aliyeandika muziki wa The Last King of Scotland, filamu ya Idi Amin iliyopigwa Uganda. Na tarehe 12 Januari 2015, Google iliweka mchoro wa Maruge darasani kwenye ukurasa wake wa mbele.

Mwezi huohuo wa Januari 2015, BBC ilitangaza habari za mwanafunzi mwingine kutoka upande huohuo wa nchi. Priscilla Sitienei, mkunga wa Ndalat, kaunti ya Nandi, alikuwa amejiandikisha katika shule ya Leaders Vision akiwa na umri wa miaka kama 90. Walimwita Gogo, yaani bibi. Alikuwa akisoma na vitukuu vyake, na baadhi ya wanafunzi wenzake alikuwa amewapokea mwenyewe walipozaliwa. Pascal Plisson, mwongozaji Mfaransa ambaye filamu yake kuhusu watoto wanaosafiri mbali kwenda shule ilipata tuzo ya César, alifika Ndalat na kamera zake.

Plisson hakuwa na mwigizaji wa London wala wa Johannesburg. Katika filamu ya Gogo, Gogo ni Gogo mwenyewe, sare yake ni ya kwake, majani ni mabichi na asubuhi ni za baridi. Yamo hata mambo ambayo mwandishi wa muswada angeyafuta kwa kuona hayana kazi. Na tofauti na Maruge, yeye alikuwepo filamu ilipotoka. Alisafiri hadi Paris kuizindua, akakutana na Brigitte Macron, mke wa rais wa Ufaransa, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwalimu. Kisha akarudi Ndalat kuendelea na masomo. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, mwanafunzi wa darasa la sita.